Walimu washauri wa Kajiado na mzigo wa muhula wa tatu

MUHULA wa tatu ndio mfupi kuliko yote katika kalenda ya shule za upili nchini Kenya. Huanza mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba, na wanafunzi wasiofanya mtihani wa kitaifa hufunga shule Oktoba inapokaribia kwisha au mara tu Novemba inapoingia. Baada yao hubaki watahiniwa wa KCSE peke yao hadi karatasi ya mwisho, wiki za mwisho za Novemba. Ni katika majuma hayo machache ambapo mwalimu wa ushauri nasaha hupata wageni wengi zaidi mlangoni pake, wanafunzi kwa wazazi.

Katika Kaunti ya Kajiado kipindi hicho kina uzito wa pekee. Ni majira ya vuli, mvua fupi za Oktoba hadi Desemba ambazo huamua iwapo ng'ombe watanenepa na kupata bei ya kulipia karo, au watakondeana na kufa. Ni majira ya kuelekea likizo ndefu, wakati ambapo sherehe za tohara hufanyika na baadhi ya wasichana hukeketwa na kuozwa. Juu ya hayo yote ni majira ya mtihani ambao familia nyingi zingali zinauona kuwa mlango wa pekee wa kutokea katika ufukara.

Mwalimu mshauri husimama katikati ya hayo matatu. Kwa kawaida si mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo pekee. Ni mwalimu wa Kiswahili, Biolojia au Dini aliyeteuliwa na mwalimu mkuu kuongoza idara ya ushauri nasaha, akabaki na vipindi vyake vya darasani, madaftari ya kusahihisha na zamu ya wiki. Chumba chake, kama anacho, mara nyingi ni kile kile kinachohifadhi vifaa vya michezo.

Asili ya huduma yenyewe

Ushauri nasaha si jambo geni katika shule za Kenya. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo chake cha ushauri na uelekezaji mnamo 1971, na kamati ya Gachathi, iliyotoa ripoti yake 1976, ikasisitiza haja ya huduma hiyo shuleni. Hata hivyo, kwa miaka mingi kazi yake ilieleweka kuwa ni kuwaelekeza wanafunzi katika uchaguzi wa masomo na taaluma. Nidhamu ilishughulikiwa na kiboko.

Mambo yalibadilika 2001. Mwezi Machi mwaka huo bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, kaunti inayopakana na Kajiado, lilichomwa moto usiku na wavulana 67 wakafa. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, na jopo lililoongozwa na Naomi Wangai likachunguza chanzo cha utovu wa nidhamu na ghasia za wanafunzi, likahimiza ushauri nasaha uimarishwe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikuja kukaza marufuku hayo kwa kukataza adhabu ya mwili na mateso ya kiakili.

Kwa hivyo kiboko kiliondolewa na mahali pake akawekwa mwalimu mshauri. Kilichosahaulika ni kumpa muda. Mwalimu mwenye vipindi zaidi ya 20 kwa wiki hawezi kuwa sikio la wanafunzi mia sita, na ni ajabu kwamba jambo hili dhahiri bado linajadiliwa kana kwamba ni fumbo. Shule nyingi hujaribu kuziba pengo hilo kwa kuwafunza wanafunzi wachache wawe washauri wa wenzao. Hao ndio humwona kwanza mwenzao aliyeacha kula, anayelia usiku au aliyeanza kugawa vitu vyake.

Kitengela na bara ya Kajiado

Kutoka Kitengela hadi mji wa Kajiado ni mwendo wa kama kilomita 50 tu kwa barabara ya Namanga, lakini shida zinazowafikia washauri wa pande hizo mbili hazifanani.

Kitengela ulikua kwa kasi ambayo wapangaji miji hawakuimudu. Ardhi ya pamoja ya wafugaji iligawanywa kwa wenyeji mwishoni mwa miaka ya themanini, vipande vikauzwa, na viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi. Katika sensa ya 2019 mji huo ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 150,000, huku kaunti nzima ikiwa na watu 1,117,840 kutoka 687,312 mwaka wa 2009. Wengi ni wapangaji wanaofanya kazi Nairobi. Mzazi huondoka kabla ya mapambazuko kuukimbia msongamano wa magari na kurejea mtoto akiwa amelala. Mwanafunzi wa kutwa hubaki na saa nyingi zisizo na mtu mzima, na saa hizo hujazwa na simu, kamari ya michezo, miraa au bangi.

Mshauri wa shule ya Kitengela basi hushughulika zaidi na upweke wa mtoto wa mjini na ndoa za wazazi zinazovunjika kimya kimya. Tatizo lake la kwanza ni kumpata mzazi. Barua hupelekwa na mwanafunzi mwenyewe, ambaye ana kila sababu ya kuipoteza. Simu hupokewa na mtu aliye kwenye matatu yenye kelele. Baadhi ya walimu wamezoea kuwaita wazazi Jumamosi asubuhi, kabla ya shughuli za soko na kanisa, na wakigundua kwamba baba na mama hawaishi pamoja huwaita kila mmoja kwa wakati wake.

Bara ya Kajiado, kuelekea Bisil, Mashuuru, Namanga na Loitokitok, mambo ni mengine. Kaunti hiyo ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 21,000, na boma la mzazi laweza kuwa mwendo wa siku moja kutoka barabara ya lami. Huko mshauri asiyejua Kimaasai huhitaji mkalimani, na mkalimani akiwa mwanafunzi mwenyewe, mazungumzo huwa yameharibika kabla ya kuanza. Mzee wa boma hataeleza aibu ya nyumba yake mbele ya mtoto. Mshauri mwenye busara humtafuta chifu, mchungaji wa kanisa au mwalimu mstaafu wa eneo hilo amsindikize.

Karo na mvua

Serikali ilianza kugharimia masomo ya shule za upili za kutwa 2008 kwa mgao wa Sh10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kiwango hicho kikapandishwa hadi Sh22,244 mwaka wa 2018. Gharama za bweni, hata hivyo, hubaki kwa mzazi. Muhula wa tatu ndio wakati ambapo malimbikizo ya mwaka mzima hudaiwa.

Kwa mfugaji karo ni mnyama aliye hai. Akiuza dume soko la Bisil wakati wa malisho mema hulipa na kubakiwa na akiba. Akiuza baada ya mvua kukosekana hulazimika kutoa wanyama watatu kwa thamani ya mmoja. Ukame wa 2008 na 2009 uliangamiza mifugo wengi Kajiado, na ule wa 2020 hadi mapema 2023, ambao wataalamu waliutaja kuwa mbaya zaidi katika miaka 40, ulirudia maafa hayo. Wavulana walitolewa madarasani kufuata mifugo mbali, wengine kuvuka mpaka hadi Tanzania. Mwanafunzi wa namna hiyo anaporejea Septemba akiwa amepoteza muhula mzima, mwalimu wa darasa huona mtoro. Mshauri hutakiwa kuona mtoto aliyeshuhudia utajiri wote wa babake ukioza kando ya njia.

Hapa ushauri huacha kuwa maneno na kuwa kazi ya karani. Mshauri huwasaidia wazazi kujaza fomu za basari za Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2003, na zile za serikali ya kaunti. Kwa wazazi wasiojua kusoma, fomu ya kurasa nne yenye kutaka sahihi ya chifu, nakala ya kitambulisho na cheti cha kifo cha mzazi aliyefariki ni kizuizi kikubwa kuliko umaskini wenyewe. Mshauri pia huzungumza na mwalimu mkuu ili mtahiniwa asifukuzwe kufuata karo majuma machache kabla ya mtihani. Hushindwa mara kadhaa, kwa kuwa mwalimu mkuu naye anadaiwa na muuza mahindi na maharagwe.

Mtihani

Hofu ya KCSE ina dalili ambazo kila mshauri anazijua: kuumwa kichwa kila jioni, kukosa usingizi, kutapika, kujitenga, kusoma hadi alfajiri bila kukumbuka kitu. Imezidi tangu 2016, mwaka ambao waziri Fred Matiang'i alifunga mianya ya udanganyifu na ni watahiniwa 141 pekee nchini waliopata alama ya A. Mwaka huo huo wizara ilipiga marufuku siku za wazazi, maombi ya watahiniwa na ziara za wageni shuleni katika muhula wa tatu ili karatasi zisipenyezwe.

Agizo hilo lilikuwa na sababu nzuri, na uwizi wa mitihani ulipungua. Lakini lilimfungia nje mzazi wakati ambapo mtoto alimhitaji zaidi. Tangu hapo simu ya mwalimu mshauri ikawa daraja kati ya bweni na nyumbani. Ndiye anayebeba salamu, na ndiye anayeamua, msiba unapotokea nyumbani katikati ya mtihani, iwapo mtoto aambiwe leo au baada ya karatasi ya mwisho. Hakuna kanuni inayotosha katika hilo. Wapo wanaoshikilia kwamba kumficha mtoto kifo cha mamake ni kumwonea, na wapo wazazi wanaosihi afichwe. Washauri wenye uzoefu huelekea kusema ukweli, wakiwa na jamaa mmoja wa mtoto kando yao, kwa hoja kwamba habari za msiba hupenya kuta za shule hata hivyo, na mtoto anayezipata kwa uvumi hupoteza mzazi na imani kwa walimu siku moja.

Kila Novemba pia wapo watahiniwa wajawazito na wengine wanaojifungua mtihani ukiendelea. Tangu 1994 sera ya serikali humruhusu msichana kurudi shuleni baada ya kujifungua, na miongozo mipya ya kuwarejesha wanafunzi ilitolewa 2020. Baraza la mitihani, KNEC, huruhusu mtahiniwa kufanyia karatasi hospitalini chini ya ulinzi. Mshauri aliyeijua hali ya msichana mapema huwa amekwisha kupanga na msimamizi wa mtihani, muuguzi na familia. Asiyejua hushtukia jambo hilo asubuhi ya karatasi ya Hisabati.

Msichana anapokataa kwenda nyumbani

Jambo gumu kuliko yote huanza kwa maneno machache. Mwezi Oktoba msichana humwambia mshauri kwamba hataki shule ifungwe. Huenda asiseme zaidi kwa wiki nzima. Mwishowe hueleza kwamba dada yake alikeketwa Desemba iliyopita na sasa ni zamu yake, au kwamba ng'ombe wamekwisha kupokewa.

Sheria ni wazi. Ukeketaji wa watoto ulikatazwa na Sheria ya Watoto ya 2001, na Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya 2011 ikaufanya kosa kwa mtu wa umri wowote, kwa kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua Sh200,000. Kumvusha msichana mpaka, mathalani kupitia Namanga, ili akakeketwe ng'ambo ni kosa, na ni kosa vile vile kujua na kunyamaza. Sheria ya Ndoa ya 2014 iliweka umri wa kuolewa kuwa miaka 18. Daktari Tatu Kamau alipoipinga sheria ya 2011 mahakamani, Mahakama Kuu iliitupa kesi hiyo Machi 2021.

Mwalimu mshauri, kwa hivyo, hana hiari. Siri aliyoahidi kuitunza haifiki hapo, na mshauri mwangalifu humweleza hilo mwanafunzi tangu kikao cha kwanza. Anapaswa kumjulisha mwalimu mkuu, afisa wa watoto na polisi. Ugumu ni yatakayofuata. Msichana akiokolewa na babake akakamatwa, boma zima litamhesabu kuwa ndiye aliyemfunga babake. Ndugu zake wadogo huenda wakaondolewa shuleni kwa kisasi. Naye mwalimu, ikiwa ni mwenyeji, atakutana na watu hao sokoni na kanisani maisha yake yote.

Ndiyo sababu kazi nyingi hufanywa kabla ya polisi kuhitajika. Mshauri humtafuta ndani ya familia mtu mmoja anayelipinga jambo hilo, na karibu kila mara yupo: mama aliyeachwa na kovu, mjomba aliyesoma, nyanya aliyechoka. Kupitia huyo hufikiwa baba. Hoja inayosikika zaidi bomani mara nyingi si ya haki za binadamu. Ni ya msichana wa jirani aliyemaliza shule, akaajiriwa na kuwanunulia wazazi wake tangi la maji. Heshima, ambayo Wamaasai huiita enkanyit, haipotei kwa baba aliyebadili uamuzi wake mwenyewe kama inavyopotea kwa aliyebadilishiwa na askari.

Pale mazungumzo yanapokwama hubaki hifadhi. Mji wa Kajiado una historia ndefu katika hilo. Shule ya msingi ya bweni ya wasichana ya AIC, iliyoanzishwa 1959, ilijulikana chini ya mwalimu mkuu Priscilla Nangurai kwa kuwapokea wasichana waliokimbia ukeketaji na ndoa za mapema, na 1999 ikawa mojawapo ya vituo vya mfano vya shirika la FAWE. Wengine walitafuta njia ya kubadili sherehe yenyewe. Shirika la Amref limeshirikiana na wazee na wanawake wa upande wa Loitokitok kuandaa sherehe mbadala, ambamo msichana hubarikiwa na kuhesabiwa mtu mzima bila kukatwa. Nice Leng'ete wa Kimana, aliyekimbia kukeketwa akiwa mtoto kisha akaifanya kazi hiyo na Amref, alitajwa na jarida la Time 2018 miongoni mwa watu 100 wenye ushawishi duniani.

Kitaifa hali imebadilika. Uchunguzi wa afya wa 1998 ulionyesha kwamba asilimia 38 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 21 mwaka wa 2014 na asilimia 15 mwaka wa 2022. Miongoni mwa Wamaasai kiwango kimebaki juu zaidi ya wastani huo, na wasichana wengine sasa hukatwa kwa siri na wakiwa wadogo zaidi, kabla hawajafika shule ambako mshauri angewasikia.

Hifadhi ikipatikana, jambo halijakwisha. Lazima atafutwe wa kulipa karo ya Januari, na lazima siku moja msichana arudi kwao. Vikao vya upatanisho huchukua miaka, na mara nyingi hufanikiwa matokeo ya mtihani yanapotoka.

Wavulana wasiosema

Wavulana huja kwa mshauri wachache mno. Aliyetahiriwa Desemba hurejea Januari akijiona mtu mzima asiyeamrishwa na mwalimu wa kike, na kufikia Septemba ugomvi huo huwa umemfikisha kwa naibu mwalimu mkuu mara kadhaa. Wengine huvutwa na umorani na kuacha shule kabisa. Washauri wamegundua kwamba mvulana hafunguki akiwa ameketi mkabala na mwalimu ofisini. Huzungumza akitembea au akisaidia kubeba madawati.

Kwa hali zinazozidi uwezo wa shule, kama vile huzuni nzito au tishio la kujiua, mshauri huelekeza familia kwenye hospitali za kaunti za Kitengela na Kajiado, na kwa hali kali zaidi hospitali ya Mathari, Nairobi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo familia nyingi zilimficha mtoto kwa kuogopa seli. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, kwa upande mwingine, ilimtaka anayefanya kazi hiyo kitaaluma awe amesajiliwa. Mwalimu wa shule apaswa kujua mpaka wa ujuzi wake na kumkabidhi mwenye taaluma kwa wakati.

Baada ya karatasi ya mwisho

Zamani mwanafunzi alichagua kozi za chuo kikuu akiwa bado shuleni. Sasa maombi hufanywa mtandaoni kupitia KUCCPS matokeo yakishatangazwa, wakati ambapo mwanafunzi amekwisha kutawanyika na mwalimu yuko likizoni. Ndiyo sababu washauri hutumia siku za mwisho za Novemba kueleza mambo ambayo watahiniwa hawana hamu ya kuyasikia: alama ya C+ ndiyo kizingiti cha shahada, vyuo vya kiufundi hupokea walio chini yake, na mkopo wa HELB huombwa mapema. Mfumo wa ufadhili ulioanzishwa 2023, kisha ukapingwa mahakamani, umewaacha wazazi wengi bila kuelewa watalipa nini.

Shule zenyewe zimo katika mpito. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, wakiwa wamechagua mkondo wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo, ilhali darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatazamiwa kufanya KCSE 2027. Mshauri mmoja huyo huyo huwaelekeza wote, na wazazi wengi humwuliza swali moja: je, mtoto akichagua vibaya anaweza kubadili? Jibu hutegemea nafasi na walimu waliopo shuleni, na katika shule ndogo za bara ya Kajiado mikondo yote haipatikani.

Siku ya kufunga shule, washauri wengi huwapa wanafunzi nambari mbili za kukariri, kwa kuwa karatasi hupotea na simu hunyang'anywa: 116, ya kuwasaidia watoto, na 1195, ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Zote hupigwa bila malipo, mchana na usiku.